Je, mafuta ya mimea yanaweza kuwatibu sungura wa Rubavu?

Kwenye vilima vinavyouzunguka mji wa Gisenyi, katika Wilaya ya Rubavu magharibi mwa Rwanda, ardhi ni finyu, na mfugaji asiye na malisho ya ng'ombe hugeukia kuku, nguruwe au sungura wanaotosha katika banda la nyuma ya nyumba. Sungura mmoja anapoanza kuharisha, wote walio bandani wamo hatarini.

Kishawishi cha kwanza ni kumpa vidonge vya amoksilini vilivyobaki nyumbani. Kwa sungura, kosa hilo huweza kuua. Dawa za jamii ya penisilini, zikimezwa, huangamiza bakteria wema wa utumbo wake na kuwaachia nafasi bakteria wanaotoa sumu. Kuku hutibiwa kwa amoksilini hiyo hiyo bila balaa la namna hiyo.

Hapo ndipo mafuta ya mimea yanapovutia. Majani hupitishiwa mvuke, mvuke hupozwa, na mafuta yenye harufu kali huelea juu ya maji. Baadhi ya viambato vyake, kama eujenoli iliyomo katika karafuu za Zanzibar na Pemba, hutoboa utando wa bakteria hadi vilivyomo ndani vikavuja. Mikaratusi, iliyotapakaa Rwanda nzima, nayo hutoa mafuta, ingawa kiambato chake kikuu, sineoli, ni dhaifu zaidi dhidi ya bakteria.

Rwanda si mgeni katika utafiti huu. Mwaka 1986, kundi la watafiti akiwemo Luc Van Puyvelde, aliyefanya kazi Butare, lilichapisha matokeo kuhusu umuravumba, mmea unaotumiwa sana na waganga wa jadi nchini humo. Kiambato kilichotolewa katika majani yake kilizuia ukuaji wa bakteria kadhaa maabara. Kiambato hicho si mafuta, lakini kiliipa hekima ya waganga uthibitisho wa kikemia.

Hata hivyo, maabara si tumbo la sungura. Katika kisahani, mafuta hukutana na bakteria ana kwa ana. Tumboni, sehemu kubwa hufyonzwa kabla ya kufika kwenye utumbo mpana, ambako maradhi mengi ya sungura huanzia. Kwa sababu hiyo watengenezaji wa vyakula vya mifugo huyafunika kwa tabaka la mafuta mengine magumu ili yachelewe kuyeyuka.

Kuyamimina katika maji ya kunywa hakusaidii. Hayachanganyiki na maji, hivyo mnyama wa kwanza kufika hunywa dozi yote na kuunguzwa mdomo, na wa mwisho hapati kitu. Yakipakwa bila kuzimuliwa, huchubua ngozi.

Haja ya njia mbadala ni ya kweli. Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku viuavijasumu vya kukuzia mifugo tangu Januari 1, 2006, na makadirio yaliyochapishwa katika jarida la Lancet yanaonyesha kuwa usugu wa bakteria dhidi ya dawa ulisababisha moja kwa moja vifo milioni 1.27 duniani mwaka 2019.

Kwa sasa, mafuta haya yamejijengea nafasi zaidi kama nyongeza ya chakula kuliko kama tiba. Sungura anayeharisha leo anahitaji kutengwa na wenzake, banda lake kukaushwa, nyasi kavu, maji safi, na daktari wa mifugo kabla ya usiku kuingia.