Live Band Fedha: Kiingilio Bure, Sasa Nani Hulipa Bendi?

Ijumaa ikifika, magroup ya WhatsApp ya wasee wa Fedha, Tassia na Donholm huwa na swali moja: form ni gani? Mara mingi jibu ni live band na mbuzi choma. Tangazo linasema kiingilio bure, kila mtu anasema "niko". Shida huanza bili ikiletwa.

Hiyo "bure" ndio inafaa ieleweke kwanza. Bendi kamili ni watu wengi: gitaa mbili, besi, drums, kinanda na waimbaji, na wote wanatarajia doh ya usiku huo. Kama mlangoni hakuna kulipa, hiyo doh inatoka kwa nyama na vinywaji. Ndio maana soda hapo si bei ya duka la mtaa, na ndio maana meza ya watu wanane wenye soda mbili huangaliwa vibaya na weita. Mauzo yakikaa chini wiki kadhaa, bendi inatolewa, inaletwa one-man guitar: msee mmoja, gitaa yake na kinanda cha kumsindikiza. Na si mbaya. Mugithi ni neno la Kikuyu la gari moshi, kwa vile watu hucheza wakiwa laini wameshikana kama mabehewa. Hiyo haihitaji wanamuziki wanane.

Lakini kama mmeendea rhumba, jueni inavyopangwa. Ngoma nyingi za Congo huanza polepole, waimbaji wakisimulia, kisha inaingia sebene: gitaa zinashika kasi na bendi inaivuta vile inataka kama watu wamejaa mbele. Hapo hakuna mtu anakula.

Kwa hivyo agizeni choma mkifika tu. Mbuzi hupimwa ikiwa mbichi, na kwa moto inapoteza karibu robo ya uzito, maji na mafuta yakiisha. Mifupa nayo ilipimwa. Kilo mbili kwa watu sita si nyingi, hata na ugali na kachumbari. Enda mwenyewe kwa butchery, chagua mguu ama mbavu, angalia mizani. Choma huchukua kama saa nzima. Wet fry iko haraka, lakini mmekuja kukaa. Na ikatwe kwa ubao mmoja katikati ya meza. Kuomba sahani yako pekee hapo ni kama kuja live band na earphones.

Sasa bili. Kuna msee hulipa yote, anaambiwa "nakutumia kesho", na kesho ya Nairobi mnaijua. Changeni kabla ya kuagiza. Tena msitume zote kwa simu ya mtu mmoja: kutuma M-Pesa zaidi ya 100 kuna makato, lakini ukilipa kwa Till ya Buy Goods wewe mteja hukatwi kitu. Kila mtu alipe sehemu yake hapo hapo. Beshte amesota mwezi huu? Mwambieni mapema, kwa inbox, kwamba mmemcover. Wengi wameacha kuja plot si kwa kuchoka na muziki. Wanaogopa ile dakika ya weita kusimama kando ya meza.

Na msichelewe. Fedha watu wanaishi, si tao. Sheria ya vileo ya 2010 inataka baa ya kawaida ifunge saa tano usiku, na Novemba 2022 kaunti ya Gavana Sakaja ilifuta leseni za klabu za usiku zilizo kwa mitaa ya makazi, baada ya watu kulia na kelele. Mkifika saa nne mtapata mfupa na ngoma mbili za mwisho. Fikeni saa moja, bendi ikijaribu mitambo: jamaa wa choma hana foleni na meza za mbele ziko. Ukitaka "Sina Makosa" ya Les Wanyika, bendi iliyoanzia hapa Nairobi 1978, omba kwa karatasi na ukunje soo mbili ndani. Hiyo haipiti kaunta.