Ngano ikihama ghala haijauzwa

Mfanyabiashara mwenye stoo Katesh na nyingine Mbulu mjini hupeleka magunia huku na huko kufuata bei. Makosa huanza pale mzigo unapoandikwa "umeuzwa" kwa sababu tu umetoka getini. Mali iliyohamia stoo ya mwenye mali yuleyule haijaleta faida hata senti moja.

Hanang inaujua utaratibu huu. Mashamba saba ya ngano yaliyoanzishwa kwa msaada wa Kanada kuanzia mwaka 1970, Basotu na Setchet yakiwamo, yalikuwa chini ya NAFCO. Ngano ikitoka shamba moja kwenda ghala jingine la NAFCO, huo ulikuwa uhamisho. Ikipokewa na Shirika la Usagishaji la Taifa (NMC), hayo yalikuwa mauzo, ingawa mashirika yote mawili yalikuwa ya serikali. Kinachoamua ni vitabu vya nani, si gari la nani.

Hati ya uhamisho huandikwa nakala tatu: ya stoo inayotoa, ya dereva na ya stoo inayopokea. Inayotoa hupunguza leja yake, lakini inayopokea haiongezi kitu mpaka magunia yahesabiwe na kupimwa. Katikati hapo mzigo hukaa kwenye akaunti ya "mali iliyo njiani". Anayeikosa akaunti hiyo, siku ya kufunga hesabu hujikuta na mzigo uliohesabiwa mara mbili, au usiohesabiwa kabisa.

Chukulia magunia 100 yaliyonunuliwa Sh. 70,000 kila moja, na nauli Sh. 300,000. Gharama ya gunia ni Sh. 73,000. Yakifika 98, mawili yaliyopotea, Sh. 146,000, ni hasara. Leja ya Mbulu ipokee Sh. 7,154,000. Kitunguu saumu ni habari nyingine: hukauka na kupungua uzito bila mwizi, hivyo upungufu wa kawaida husambazwa kwenye kilo zilizobaki.

Stakabadhi ya ushuru wa mazao uliokwisha kulipwa isafiri pamoja na hati. Bajeti ya 2017/18 iliusamehe mzigo usiozidi tani 1 unaovuka kutoka halmashauri moja hadi nyingine. Magunia 100 ya kilo 100 ni tani 10, na mtu wa getini haulizi leja.

Mwekezaji anayeonyeshwa mauzo makubwa aombe kuona jina la mnunuzi.