Vifaranga Wapewe Changarawe Lini, na Magamba Lini?

Vikundi vingi vimeanzisha mradi wa kuku kwa pesa za mchango wa wanachama. Katika ziara zetu tunaulizwa swali moja mara kwa mara: je, tuwatilie vifaranga changarawe na magamba ya chaza tangu siku ya kwanza, ili wakue na mifupa migumu? Jibu letu ni hapana. Vitu hivi viwili havifanyi kazi moja, na kila kimoja kina wakati wake. Tukivichanganya tunaweza kuua vifaranga tukidhani tunawasaidia.

Changarawe ni meno ya kuku

Kuku hana meno. Chakula hushuka kwenye gole, halafu huingia kwenye firigisi. Firigisi ni msuli wenye nguvu, nao hukisaga kwa msaada wa vijiwe alivyomeza kuku. Vijiwe hivyo ni vigumu na haviyeyuki upesi. Kwa hivyo changarawe si chakula wala si dawa, ni jiwe la kusagia tu.

Magamba ya chaza, magamba ya mayai na mawe ya chokaa ni kitu kingine. Hayo huyeyuka tumboni na kumpa kuku madini ya kalsiamu, ambayo hujenga mifupa na ganda la yai. Kwa sababu yanayeyuka, hayawezi kushika kazi ya changarawe.

Changarawe: kuanzia juma la pili

Kifaranga anayekula chakula cha dukani kilichosagwa peke yake hahitaji changarawe. Hata kuku wa nyama wanaolishwa hivyo mpaka kuchinjwa wanaweza kukaa bila hiyo. Lakini mara tu ukianza kuwapa sukuma wiki, majani, mchwa au nafaka iliyovunjwa, wape changarawe pia.

Usiwape siku za kwanza. Kifaranga mchanga hudonoa chochote, na anaweza kujaza tumbo mchanga akaacha chakula. Mwache juma moja ajue chakula chake kwanza. Kisha nyunyiza kidogo tu, au weka kwenye kifuniko kidogo pembeni. Fuata vipimo hivi:

- Juma la 2 hadi la 8: mchanga wa mto, chembe zake kama sukari hadi punje ya wimbi.
- Baada ya juma la 8: vijiwe vikubwa kuliko wimbi, lakini vidogo kuliko mtama.
- Kuku wakubwa: kama punje ya mtama hadi nusu ya punje ya mahindi.

Osha mchanga huo na kuuanika. Mchanga wa baharini una chumvi, na chumvi nyingi huua vifaranga. Kuku wa kienyeji wanaotembea nje hujitafutia vijiwe wenyewe. Wanaofungiwa ndani, au wanaoishi penye udongo wa mfinyanzi usio na mawe, wanakutegemea wewe.

Magamba: ngoja mpaka karibu na kutaga

Hapa ndipo hasara huingia. Katika kilo 100 za chakula cha vifaranga huwa na kama kilo 1 ya kalsiamu, nayo inawatosha kabisa. Chakula cha kuku wa mayai, kile wengi wetu huita leyas, kina kilo 3 na nusu hadi 4. Kifaranga akilishwa leyas majuma mengi, au akitiliwa magamba kila siku, figo zake hushindwa kuitoa hiyo ya ziada. Hudumaa, hunywa maji sana, hunya majimaji, na wengine hufa. Basi, leyas iliyobaki isimaliziwe kwa vifaranga ati kwa kuokoa pesa.

Kuku wa mayai wa kisasa huanza kuongezewa kati ya juma la 16 na la 18. Wa kienyeji huchelewa, wengi mpaka miezi 6 hivi, kwa hivyo tazama dalili: upanga kichwani umekuwa mwekundu, na tembe anachutama ukimgusa mgongoni. Ukiona hayo, au yai la kwanza, anza mara moja. Ganda la yai moja lina kama gramu 2 za kalsiamu. Kuku asipoipata kwenye chakula huitoa kwenye mifupa yake, halafu mayai huwa laini na miguu hulegea.

Weka magamba kwenye chombo chake, usichanganye na chakula. Kuku anayetaga atachukua anachohitaji, hasa jioni, kwa sababu ganda hutengenezwa zaidi usiku. Mama na vifaranga wakiwa pamoja, inua chombo juu wasikifikie.

Magamba ya mayai yakaushe kwenye jiko na kuyaponda kabisa, kuku asije akajifunza kula mayai. Chokaa ya kupaka nyumba usitumie, kwani inachoma. Inayofaa ni ya mawe yaliyosagwa bila kuchomwa, inayouzwa kwa ajili ya mifugo.

Kifaranga akilemaa miguu

Usikimbilie magamba. Huenda amekosa jua, maana bila vitamini D mwili hauwezi kuitumia kalsiamu. Huenda pia ni ugonjwa, kama Marek au kideri. Mtenge na wenzake, kisha umwite afisa wa mifugo.

Maswali ya kuzungumzia kikundini

1. Kuku wetu wana umri gani, na nani anaandika tarehe ya kuanguliwa?
2. Je, wakubwa na wadogo wanakula chombo kimoja?
3. Nani atakusanya magamba ya mayai kutoka kwa wanachama?

Kuku wa kikundi ni mali ya wengi, na karo ya mtoto wa mwenzako inaweza kuwa humo. Tuwatunze kwa maarifa.