Kiti Kilichong'olewa Mgongo

Mama aliyenisababishia makala haya hakufanya zoezi hata moja. Ilikuwa asubuhi ya tarehe 21 Juni, Siku ya Kimataifa ya Yoga, mikeka imetandazwa kwenye nyasi, na mbele yetu kijana mmoja anapasua msamba kama anayechana kitambaa. Mama alikuwa pembeni, kwenye kiti cha plastiki, mkoba mapajani. Nilipomwamkia akanijibu kwamba magoti yake yamegoma siku nyingi. Yeye amemsindikiza binti yake tu.

Ningeyasahau hayo kama usiku uleule nisingekutana na picha ya kiti kingine. Hiki ni cha chuma, cha kukunja, kama vile vya kumbi za mikutano, ila bamba la kuegemea limeng'olewa, imebaki fremu tupu. Viti vya namna hiyo hutumika katika taasisi ya yoga iliyofunguliwa mjini Pune, India, mwaka 1975. Aliyevipa kazi hiyo ni B.K.S. Iyengar, mwanzilishi wa taasisi yenyewe.

Tazama kinavyotumika. Mtu ambaye mgongo wake haukubali kupinda kinyumenyume anakikalia akiwa ameelekea kule kwenye egemeo, anaipitisha miguu katika lile tundu, anashika fremu kwa mikono miwili, kisha anajilaza taratibu mpaka ukingo wa kiti umguse chini kidogo ya mabega. Kifua kinafunguka, na uzito unabebwa na chuma badala ya kiuno. Anayetaka kusimama kwa mabega naye ana nafasi yake: makalio yanapumzika juu ya kiti, mabega yanashukia kwenye mablanketi yaliyokunjwa, kichwa kinabaki sakafuni, chini zaidi ya mabega, na mikono inashikilia miguu ya kiti. Mablanketi yale si ya starehe. Yakiondolewa, shingo inakunjwa kwa pembe kali huku mwili mzima umeielemea.

Nilijiuliza mtu anapataje wazo la kung'oa mgongo wa kiti. Jibu, nadhani, linaanzia kwenye mkasi.

Iyengar alizaliwa Desemba 1918 huko Bellur, kusini mwa India, mtoto wa kuuguaugua: malaria, kifua kikuu, homa ya matumbo. Mwaka 1934 alipelekwa Mysore kwa dada yake, na shemeji yake, Krishnamacharya, ndiye aliyemwingiza kwenye yoga. Baadaye Iyengar mwenyewe alisimulia jinsi siku moja, mbele ya wageni, shemeji alivyomwamuru apasue msamba. Kijana hakuwa amewahi kufundishwa mkao huo. Akatafuta pa kutokea, akasema bukta yake imeshonwa ikambana mno. Shemeji akaagiza mkasi, bukta ikakatwa pande zote mbili, udhuru ukaisha. Kijana akashuka. Misuli ya nyuma ya mapaja ikachanika, na kwa maelezo yake alitaabika kutembea kwa miaka kama miwili.

Mkasi ulikata nguo. Hakuna aliyeuliza kuhusu nyama.

Miaka ikapita, Iyengar akawa mwalimu wa watu wakubwa. Mpiga fidla Yehudi Menuhin alikutana naye Bombay mwaka 1952, kisha akamzawadia saa iliyochorwa maneno ya kumtaja kuwa mwalimu wake bora wa fidla. Mwaka 1966 kikatoka kitabu cha Iyengar, Light on Yoga, chenye mamia ya picha zake, na katika karibu zote yuko peke yake sakafuni, mwili umekunjwa kama karatasi. Ni wangapi waliumia wakiigiza picha zile, sijui kama kuna aliyehesabu.

Halafu mwaka 1979, umri umekaribia 61, akapata ajali ya pikipiki, akaumia mgongo, bega na magoti. Matofali, mikanda, kamba na viti alikuwa ameshavitumia kwa wanafunzi wake. Safari hii mgonjwa alikuwa yeye. Akaanza upya kwa kuegemea, na akarudi. Alipopita miaka 90 bado alikuwa akisimama kwa kichwa. Alifariki Agosti 2014.

Lipo jambo moja linalonikera. Mtu huyuhuyu, aliyewatafutia wenye magoti mabovu kila namna ya egemeo, alijulikana kwa kuwatandika makofi wanafunzi darasani, hata wakatania kwamba herufi B.K.S. za jina lake, kwa Kiingereza, ni kupiga, teke na kofi. Na yule shemeji wa mkasi, aliendelea kumtaja kwa heshima hadi mwisho. Je, alimsamehe? Au maumivu ya namna ile ndiyo aliyoyaita kufundishwa? Nimelizungusha swali hili, halijanipa jibu.

Kuhusu maumivu yenyewe alikuwa wazi: yapo ya kuvumilia na yapo ya kukimbia. Msuli unaovutika na kulegea ukipumzika ni kazi. Kinachochoma ghafla ndani ya kiungo ni onyo. Goti ndilo linaloponzwa zaidi, kwa sababu ukikaa mkao wa kukunja miguu na nyonga zikakataa kuzunguka, anayelipa deni ni goti. Kaa juu ya blanketi lililokunjwa, nyonga zipande, goti lipumue. Vidole vya miguu havifikiki? Lala chali, pitisha kanga kwenye unyayo na ushike ncha zake mbili. Kanga ni mkanda tosha. Mwenye presha, au presha ya macho, asisimame kwa kichwa hata akishangiliwa.

Na wewe mama wa pembeni, ukiyasoma haya: kiti cha plastiki hapana, miguu yake hutanuka na kuteleza kwenye vigae. Mwambie binti akutafutie cha chuma, akibane ukutani, na akae karibu nawe. Wala usihangaike kung'oa mgongo wake. Kwa kuanzia inatosha kuushika.