Mlinganyo Hutoa Majibu, Ardhi Huchagua

“Mwalimu, hii x tutaila?” Swali hilo niliulizwa miaka mingi iliyopita na mvulana mmoja aliyeketi safu ya nyuma, siku nilipokuwa nikifundisha milinganyo ya kipeo cha pili. Darasa zima liliangua kicheko. Nami, badala ya kumjibu, nilimwamuru anyamaze na kumkumbusha kwamba mambo hayo hayakosi katika mtihani. Wahenga walinena kuwa kuuliza si ujinga. Leo nakiri kwamba mwenye kosa siku hiyo hakuwa mwanafunzi.

Tangu mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985, wanafunzi wengi wamekariri hatua za kutafuta vigawo kama kasuku: tafuta namba mbili, fungua mabano, andika majibu mawili, pigia mstari. Wachache mno waliambiwa kwamba hesabu hiyo ilizaliwa kutokana na mahitaji ya watu wenye mashamba, mirathi na mifereji ya maji.

Mwanzoni mwa karne ya 9, mtaalamu al-Khwarizmi aliandika huko Baghdad kitabu ambacho jina lake lilitupatia neno aljebra. Alieleza waziwazi kwamba alikusudia kuwasaidia watu katika kugawa urithi, kufanya biashara na kupima ardhi. Mojawapo ya maswali yake mashuhuri ni hili: mraba ukiongezwa mara kumi ya ubavu wake huwa 39, je, ubavu ni ngapi? Yeye alichora mraba, akauongezea mistatili kandokando, akajaza pembe zilizobaki wazi, hatimaye akapata 3. Sisi tungeandika x² + 10x − 39 = 0, tukapata (x + 13)(x − 3) = 0. Kwetu huchomoza jibu la pili, −13, ambalo yeye hakulishughulikia kabisa. Na kwa nini alishughulikie, ilhali hakuna ubavu wa shamba wenye urefu ulio chini ya sufuri?

Hapo ndipo penye kiini cha hoja yangu. Mlinganyo hutoa majibu, lakini anayechagua jibu ni ardhi yenyewe.

Hebu tuchukue mfano wa karibu. Tuseme shule ina seng’enge ya mita 40 na inataka kujenga zizi la mbuzi lenye umbo la mstatili kando ya ukuta wa ghala. Eneo linalohitajika ni mita 150 za mraba. Ukuta utakuwa upande mmoja, kwa hiyo seng’enge itazunguka pande tatu tu. Umbali kutoka ukutani tuuite x. Pande mbili za namna hiyo zitachukua mita 2x, na upande ulio sambamba na ukuta utabakiwa na mita 40 − 2x. Basi eneo ni x(40 − 2x) = 150.

Tukifungua mabano, tukakusanya kila kitu upande mmoja na kugawanya kwa 2, tunapata x² − 20x + 75 = 0. Sasa twatafuta namba mbili ambazo zikizidishwa huleta 75 na zikijumlishwa huleta 20. Namba hizo ni 5 na 15. Kwa hiyo (x − 5)(x − 15) = 0. Na kwa kuwa zao la namba mbili haliwezi kuwa sufuri pasipo mojawapo kuwa sufuri, x ni 5 au 15.

Safari hii hakuna jibu hasi la kutupa. Zizi laweza kutoka ukutani mita 5 na kuenea mita 30 kandokando ya ukuta, au likatoka mita 15 na kuenea mita 10. Yote mawili yana mita 150 za mraba, na yote hutumia seng’enge ile ile. Ni lipi lijengwe? Mwanafunzi aliyekariri atapigia mstari majibu yote mawili na kufunga daftari. Aliyeelewa atainuka akapime ukuta. Akikuta una mita 12 tu, atajua kwamba zizi la mita 30 halina pa kuegemea, na kwamba jibu ni 15.

Najua walimu wenzangu watasema kwamba silabasi ni ndefu na mtihani hausubiri. Ni kweli. Hata hivyo, kipindi kimoja chatosha kuwatoa wanafunzi nje wakiwa na kamba na vigingi, wakasimamisha mistatili yote miwili uwanjani. Ninyi wanafunzi nanyi, choreni picha kabla ya kuandika mlinganyo, na kila mpatapo jibu lirudisheni kwenye swali mwone kama lakubalika.

Laiti ningempata tena yule mvulana, ningemjibu kwa heshima. Hapana, mwanangu, x hailiwi. Lakini bila hiyo, tungenunua seng’enge, tukachimba mashimo, kisha tukagundua jioni kwamba mbuzi hawana pa kulala.