Zaïko Langa Langa: vijana waliogeuza sebene

Juma hili tunaongea juu ya muziki. Kila arusi katika kartie zetu ina saa yake: chakula kimekwisha, hotuba zimekwisha, kisha mtu anaweka wimbo wenye sebene ndefu. Hapo hata mama aliyekuwa analalamikia magoti yake anasimama. Sebene ile ya kasi, jinsi tunavyoicheza leo, ina wazazi wake, na walikuwa vijana wadogo sana.

Zaïko Langa Langa ilizaliwa Kinshasa tarehe 24 Desemba 1969. Wakubwa wa wakati ule walikuwa Franco na OK Jazz yake, pamoja na Tabu Ley. Orkestra zao zilikuwa na saksafoni na tarumbeta. Vijana wa Zaïko waliacha vyombo vya kupuliza kabisa. Walibaki na magitaa ya umeme, ngoma za batri, na waimbaji wengi waliosimama mbele kwa safu. Huko Ulaya vijana wa umri wao, wenye magitaa na kelele za namna hiyo, waliitwa watu wa rock. Kwetu wazazi wengi waliona ni fujo tu. Jina Zaïko watu wengi hulieleza kuwa ni « Zaïre ya bankoko », yaani Zaïre ya mababu, na lilitangulia: nchi yenyewe iliitwa Zaïre mwaka 1971.

Kati ya waimbaji wale alikuwepo Shungu Wembadio, mzaliwa wa Lubefu katika Sankuru, ambaye dunia ilimjua kama Papa Wemba. Mama yake alikuwa mwimbaji wa matanga, mwanamke wa kuitwa kulia na kuimba mbele ya maiti, na mtoto alimfuata huko. Baba hakutaka mtoto awe mwanamuziki. Kwa hiyo sauti ile ya juu, yenye kilio ndani yake hata katika wimbo wa furaha, haikutoka kwenye shule ya muziki. Ilitoka matangani, kwa mama. Vitabu vinaitaja habari hii kwa mistari miwili na kupita. Mimi ningeandika sura nzima.

Mpigaji wa batri, Meridjo Belobi, ndiye anayehesabiwa kuwa baba wa mdundo wa cavacha. Inasimuliwa kwamba aliusikia kwanza katika magurudumu ya treni, wakati kikundi kilikuwa safarini kule Congo-Brazzaville. Mdundo huo ulivuka mipaka haraka. Katika miaka ya 1970 orkestra za Nairobi, zikiwemo zile za Wakongo waliohamia huko kama Super Mazembe, ziliupiga kila usiku. Na gitaa la solo la Manuaku Waku lilifundisha kizazi kizima namna ya kukimbia bila kujikwaa.

Halafu wakaanza kugawanyika. Mwisho wa mwaka 1974 Papa Wemba, Evoloko na Mavuela walitoka na kuunda Isifi Lokole. Mwaka 1977 Wemba akaanzisha Viva la Musica. Manuaku alitoka mwaka 1980. Mwaka 1988 nyumba ilipasuka tena, ikazaliwa Zaïko Familia Dei. Watu wanalia juu ya migawanyiko hii, lakini tazameni ukoo wenyewe: Koffi Olomide alipitia kwa Wemba, kisha akaunda Quartier Latin, Fally Ipupa alikua ndani ya Quartier Latin. Kijana wenu anayeimba Fally jikoni anaimba mjukuu wa Zaïko. Papa Wemba alianguka jukwaani Abidjan na kufa tarehe 24 Aprili 2016. Nyoka Longo, aliyekuwepo tangu mwanzo, amebaki na jina la Zaïko mkononi zaidi ya miaka hamsini.

Kuna jambo moja tena. Mwanzo wa miaka ya 1980 Zaïko iliingiza jukwaani atalaku, wale wapiga kelele za kuchochea dansi. Waliwatoa katika vikundi vya ngoma vya mitaani, na kayamba yao ilikuwa kopo tupu la dawa ya wadudu. Leo hakuna orkestra ya Kinshasa isiyo na atalaku. Lakini kelele hiyo ilifungua mlango wa libanga, kutaja majina ya watu kwa malipo. Zamani vyama vya wanawake wa Kinshasa, kama La Mode na La Beauté, vilitembea bega kwa bega na orkestra, na nyimbo ziliwataja kwa sababu walikuwa marafiki wa muziki. Sasa anayetajwa ni mwenye fedha.

Na wanawake wenyewe jukwaani? Abeti Masikini aliimba Olympia ya Paris mwaka 1973, na Mpongo Love alipendwa nchi nzima. Hata hivyo, katika orkestra za vijana mwanamke alikuwa mara nyingi jina ndani ya wimbo, au mchezaji wa dansi. Binti anayetaka kupiga gitaa la solo anasikia leo maneno yale yale ambayo wavulana wa Zaïko walisikia, na mengine juu yake.

Mkutano wetu ujao utaanza na nyimbo za zamani za Zaïko. Mwenye diski au kanda aje nayo, na mabinti waje pia, hasa yule mwenye gitaa.