Ramani Iliyochorwa Sikioni

Mapema miaka ya 1950, mjini Lyon, Ufaransa, daktari Paul Nogier aliona baadhi ya wagonjwa wake wana kovu dogo la moto sikioni. Walikuwa wameteswa na maumivu yateremkayo kutoka kiunoni hadi mguuni, wakaenda Marseille kwa mwanamke aliyewachoma sikioni, na wakasema wamepata nafuu. Nogier hakuwabeza. Alichunguza masikio mengine, akachora ramani inayolifananisha sikio na mtoto aliyejikunja tumboni, kichwa chini: ndewe ni kichwa, sehemu ya juu ni miguu. Aliichapisha mwaka 1957, na muda si mrefu Wachina, wenye tiba ya sindano tangu kale, wakaichukua na kuipanua.

Nukta za ramani hiyo zinaweza pia kubonyezwa tu, bila sindano. Punje ngumu ya mmea wa Vaccaria hubandikwa juu ya nukta kwa plasta ndogo, na mhusika huibonyeza kwa kidole mara kadhaa kwa siku. Wanaotafuta utulivu au usingizi hupendelea nukta ya shenmen, kwenye kishimo cha pembetatu sehemu ya juu ya sikio.

Je, ramani ni ya kweli? Hapo ndipo penye ubishi. Mwaka 1984, Ronald Melzack na Joel Katz wa Canada walisisimua kwa umeme masikio ya watu wenye maumivu sugu. Kusisimua penye nukta za ramani hakukuleta nafuu zaidi kuliko kusisimua kwingine. Lakini mjini Vienna, Austria, katika utafiti mdogo uliochapishwa mwaka 2006, wazee waliovunjika nyonga walibonyezwa sikio ndani ya gari la wagonjwa; waliobonyezwa penye nukta halisi walifika hospitalini na maumivu na wasiwasi pungufu kuliko waliobonyezwa kwingine.

Hata kama ramani ina ubishi, sikio lina neva nyingi. Tawi la neva ya vegasi, ambayo hushiriki kutuliza mapigo ya moyo, hufika humo. Ndiyo sababu baadhi ya watu hukohoa wanaposafisha tundu la sikio.

Kwa hiyo kubonyeza sikio kunaweza kuwa kiburudisho kando ya matibabu. Hakuchukui nafasi ya dawa za presha, sukari au kifafa, na anayeahidi kuponya maradhi hayo kwa punje anahatarisha maisha ya watu. Mjamzito amuulize kwanza mkunga au daktari. Penye kidonda pasibandikwe kitu, na ngozi ikiwasha au kuvimba, plasta itolewe mara moja: gegedu la sikio halina mishipa yake ya damu, na likiambukizwa hupona kwa shida.